Spika za Wharfedale nilizozitoa kwenye boksi lililoliwa na mchwa: nazijengea boksi jipya (UZI)

#1 Fundi Jumapili

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga kwa mambo ya kifamilia. Jirani wa mjomba amepewa kazi ya kubomoa jengo lililokuwa klabu ya mameneja wa shamba la mkonge, na mjomba, ambaye anaujua ugonjwa wangu, akanipigia simu: "Njoo uone makabati ya redio." Redio haikuwepo. Yalikuwa maboksi mawili ya spika, yananifika kifuani, yamesimama kwenye kona mbili za ukumbi. Kwa mbali mazima kabisa. Nikagusa ubavu wa la kwanza, kidole kikazama hadi kwenye fundo. Mchwa wamekula mbao yote wakabakiza rangi ya nje. Boksi lilikuwa limesimama kwa mazoea tu.

Ndani: wufa (spika za besi) mbili za inchi 12 na twita (spika za sauti nyembamba) mbili za inchi 3, zote koni za karatasi. Mgongoni, chini ya vumbi, Wharfedale W12/RS na Super 3. Mwenye mali alishaziweka kwenye mizani aziuze kwa kilo pamoja na mabati. Nikampa elfu sitini kwa zote nne. Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, akaniongezea waya bure.

Kwa wasiozijua: Wharfedale ilianzishwa mwaka 1932 na Gilbert Briggs huko Yorkshire, Uingereza, akianzia kwenye chumba cha chini ya nyumba yake mjini Ilkley. Jina ni la bonde la mto Wharfe. Hizi zangu ni za enzi ya ampli za vali. Zile herufi RS zinaeleza ukingo wa koni, kwamba una kunjo la mviringo, na si wa sponji. Nadhani ndicho kilichoziokoa, maana sponji kwenye unyevu wa Tanga ingekuwa unga siku nyingi.

Hali yake: wufa ya kwanza nzima. Ya pili, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, unaocheza ndani ya sumaku) inasugua ukiisukuma koni kwa vidole, na kuna mchaniko wa sentimita tatu. Halafu nyigu wamejenga vijumba vya udongo kwenye fremu, kwa nyuma. Twita moja inalia, nyingine kimya.

Nataka kuzijengea maboksi mapya. Ukubwa gani? Mbao gani? Maboksi ya zamani hayafai hata kupimwa, nilipoyainua yalibaki mkononi kama biskuti iliyolowa chai. Picha zinagoma kupanda, nitajaribu usiku.

#2 Mpenda Bezi

Mkuu sumaku hizo nzito, tengeneza sabufa mbili, funga ampli ya gari wati 1000, mtaa mzima ujue umehamia. Hizo twita tupa.

#3 Dada Umeme

Usimsikilize #2 hata kidogo. Spika za enzi hiyo zilitengenezwa wakati ampli ya wati 15 nyumbani ilikuwa ya mtu mwenye nafasi. Ampli ya Quad II, ambayo watu wanaisujudia mpaka leo, ilikuwa na wati 15 kila upande. Koni nyepesi, sumaku kali, kwa hiyo wati chache zinatoa sauti kubwa. Ukizipa wati 1000 utasikia sauti moja tu, halafu harufu.

Kabla hujafikiria mbao, fanya mambo mawili. Pima ukinzani wa kila koili kwa mita. Na hata koili ikisugua vipi, USIFUNGUE SUMAKU. Kama ni alniko (sumaku ya mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), ukishaitenganisha na vyuma vyake inapoteza nguvu papo hapo, na ukiirudisha hairudi ilivyokuwa. Itahitaji kuchajiwa upya kwa mashine.

#4 Wufa254

Niaje wadau. Niko Nairobi. Hiyo ya sumaku nimeilipia karo mwenyewe. Nilikuwa na spika mbili za inchi 10, alniko, zilitoka kwa redio kubwa ya babu. Nikapeleka moja kwa fundi, jina nitaliweka mfukoni, nikamwambia kuna uchafu kwa koili. Kurudi jioni nakuta ameifungua yote kama chapati, amepanga vipande kwa gazeti, ameisafisha inang'aa. Ikarudi kufungwa vizuri sana. Ikiwa pamoja na mwenzake, moja inaongea, nyingine inanong'ona. Fundi aliniambia eti ni "baridi".

Kwa hivyo Fundi Jumapili, skiza huyo dada.

#5 Fundi Jumapili

Dada, asante. Ukinzani: wufa zote mbili zinasoma omu 11 na pointi, twita nzima inasoma 10. Ile kimya haikusoma kitu, lakini nilipofuata waya mwembamba unaotoka kwenye koni nikakuta umekatika pale unapoingia kwenye kituo. Nimeulehemu, imerudi duniani.

Sasa ile wufa inayosugua, hii kazi imenichukua Jumamosi nzima.

Nilianza na nyigu. Udongo wao ukiukwangua mkavu unamwagika moja kwa moja kwenye nafasi ya koili, na humo ndimo usipotaka. Kwa hiyo niliigeuza spika ikaangalia chini, nikalowesha vijumba kwa brashi ya rangi za maji ya mwanangu, tone kwa tone, mpaka vikawa tope zito, nikavitoa kwa kijiko cha plastiki. Cha chuma kinavutwa na sumaku kinaruka mkononi, niligundua hilo kwa njia mbaya.

Kofia ya katikati niliilainisha gundi yake kwa asetoni kidogo kwenye pamba, ikaachia baada ya nusu saa. Chini yake nafasi ya koili ilikuwa na chembe nyeusi, kutu ya chuma nadhani. Kupuliza haisaidii, sumaku inazishika. Nilichukua gundi ya karatasi, ile tepu ya wapaka rangi, nikaikunja juu ya kipande cha kadi ya simu iliyokatwa nyembamba, upande wenye gundi nje, nikawa naizungusha humo taratibu. Kila ikitoka ina ndevu. Mara ya kumi na nne ikatoka safi. Nikasukuma koni: kimya. Nilimwita mke wangu aje asikie kimya hicho, akasikiliza, akasema chakula kinapoa.

Mchaniko nimeuziba kwa karatasi ya mfuko wa chai, ule wa majani uliokwisha kutumika, umekaushwa, na gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kipande mbele, kipande nyuma. Haionekani ukiwa mbali ya mita moja.

Kesho napima tabia zake.

#6 Kijana wa Keko

Mimi ni seremala, nipo Keko, maboksi ya spika nimetengeneza mengi ya makanisa na ya kumbi. Nikupe langu kuhusu mbao kabla hujadanganywa.

Watu watakwambia mninga mtupu kwa sababu ni mbao ya heshima. Mninga ni mbao nzuri sana kwenye kitanda na mlango. Kwenye boksi la spika, ubao mzima wa sentimita 40 unatanuka masika na kusinyaa kiangazi, na boksi umelifunga pande zote kwa gundi, haliwezi kuhema. Miaka miwili unakuta ufa kwenye kona na hewa inapita. MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) inakatika vizuri ila ikikutana na maji ya kudekia sakafu inavimba kama andazi. Chipbodi usiitaje.

Chukua plaiwudi ya marini, ile isiyoogopa maji, juu yake bandika vinia (utando mwembamba wa mbao) ya mninga kama unataka sura. Na ukipiga msasa mninga vaa barakoa, vumbi lake linakamata pua na kifua. Mimi nilipuuza ujana wangu wote, sasa hivi nikiona mninga tu napiga chafya.

#7 Fundi Jumapili

Vipimo tayari. Kwa wanaotaka kufanya nyumbani: ampli ndogo, simu yenye programu ya kutoa sauti za masafa, rezista ya omu 1000 ikifuatana na spika, na mita kwenye vituo vya spika. Unapandisha masafa polepole. Pale volti zinapofika kileleni ndipo spika yenyewe inapenda kucheza. Wufa ya kwanza ilinipa Hz 48, yaani mitetemo 48 kwa sekunde. Nikaziacha zote mbili zikinung'unika Hz 20 usiku kucha stoo, taratibu, maana zimekaa miongo bila kunyooshwa. Asubuhi: Hz 41 zote mbili, tofauti ya nukta tu.

Kisha nikachukua udongo wa kuchezea wa mtoto, gramu 30 zilizopimwa kwa sonara (aliniuliza kama ni dhahabu ya aina gani), nikaubandika kuzunguka kofia. Ikashuka hadi Hz 29.5. Kutoka hapo unapata uzito wa koni, kwangu gramu 32, na ulaini wa ukingo. Ulaini huo ukiugeuza kuwa ujazo wa hewa yenye unyumbufu uleule unakuwa lita 188. Hiyo ndiyo wanaita Vas. Q ya jumla, yaani jinsi koni inavyochelewa kutulia ikishatikiswa, imenitokea 0.5.

Hesabu hizi ni za Neville Thiele wa Australia, aliyezichapisha 1961, na Richard Small aliyezikamilisha miaka ya 1970. Maana yake ni kwamba aliyetengeneza maboksi ya ile klabu hakuwa nazo. Alikuwa na sikio na msumeno.

Kwa boksi lililofungwa kabisa, bila tundu, unachukua 1 ukajumlisha Vas kugawa kwa ujazo wa boksi, ukatafuta kipeuo cha pili cha hiyo, kisha unakizidisha na Q na masafa ya spika. Nikitaka Q ya 0.7, ile inayopendwa vitabuni, nahitaji lita 188 kila moja. Hiyo ni friji. Mbili. Nimeomba kibali nyumbani nikakataliwa kabla sijamaliza sentensi. Kwa lita 120 napata Q ya 0.8 na spika inapanda hadi Hz 66. Besi inakuwa na kiuno kidogo, nitavumilia.

Nimechora ndani sentimita 40 kwa 40 kwa 80. Ni lita 128, nikitoa mihimili na spika yenyewe inabaki 120. Rahisi kukata. Nianze?

#8 Dada Umeme

Usianze!

40 kwa 40 kwa 80 unajenga filimbi. Sauti inagonga ukuta huu inarudi kutoka ule, na kila umbali una masafa yake ya kupiga kelele. Kwa sentimita 40 ni kama Hz 430. Una upana 40, kina 40, kwa hiyo mara mbili. Urefu wa 80 unapiga 215, na mlio wake wa pili ni 430 tena. Pande tatu zote zinaimba noti moja, na noti hiyo iko katikati ya sauti ya binadamu. Kila muimbaji atakuwa na mafua.

Badili: 46 kwa 34 kwa 82. Ujazo ni uleule, lita 128 na kidogo. Milio inasambaa: 374 hivi, 506, 210. Hakuna wawili wanaokutana, ingawa ule wa pili wa 82 unaangukia 420, huyo mkabe kwa kitu cha kunyonya sauti.

#9 Fundi Jumapili

Dada nimekaa chini. Nilikuwa na msumeno mkononi kweli. 46 kwa 34 kwa 82.

#10 Mzee wa Santuri

Assalaam alaykum vijana. Mimi nipo Maskati lakini asili yangu Unguja. Utotoni nilikuwa nikishinda duka moja la redio pale Darajani, nikifagia na kushika taa mafundi wakichomea. Nimefurahi kuona mtu bado anazijua Wharfedale.

Fundi Jumapili, mwanangu, kuta za boksi lako zitakuwa za nini? Kwani huyo Briggs mwenyewe alikuwa na dawa yake, nayo ni rahisi mno. Mchanga. Alikuwa akichukua mbao mbili nyembamba za plaiwudi, akiacha nafasi baina yao, akaijaza mchanga mkavu. Ukuta wa mbao tupu ukiupiga unalia, maana mbao ni ngoma. Ukuta wenye mchanga ukiupiga husikii ila "dhu". Punje zinasuguana, mtetemo unaishia humo. Waliuza spika za namna hiyo miaka ya hamsini. Yeye ndiye aliyekodi ukumbi wa Royal Festival Hall London mwaka 1954 akawaweka watu wasikilize wanamuziki hai na santuri kwa zamu, pamoja na Peter Walker wa Quad. Alikuwa anajua anachokifanya.

Lakini tahadhari moja. Usiende ukachota mchanga wa baharini. Chumvi inavuta unyevu, skrubu zitaoza na mbao itaota ukungu kwa ndani. Mchanga wa mto, tena ukaange.

#11 Fundi Jumapili

Shikamoo mzee. Ukaange kama karanga?

#12 Mzee wa Santuri

Marahaba. Khasa kama karanga. Ukiona hautoi moshi tena, na ukiweka kifuniko cha kioo juu yake hakipati jasho, umekauka.

#13 Kijana wa Keko

Hiyo ya mchanga nimeipenda, nitawauzia makanisa.

Ila Fundi, zingatia hili: vijiti vya mbao weka pembeni zote na kimoja katikati ya ukuta, gundi tele, ndipo ufunge ubao wa pili. Na skrubu yoyote, hata ya kitu kidogo, piga kwenye kijiti. Usipige kwenye nafasi yenye mchanga. Mchanga mkavu ni kama maji, unatafuta tundu.

#14 Fundi Jumapili

Wiki mbili kimya, samahani wakuu, nilikuwa karai.

Nilichota mchanga kwenye lundo la jirani anayejenga, kwa ruhusa, nikauchekecha mara mbili, mara ya pili kwa chekecheke ya unga ambayo sasa ni mali yangu rasmi kwa sababu haikubaliki tena jikoni. Nikakaanga kwenye karai juu ya mkaa, mafungu ya kilo tatu tatu. Fungu la kwanza linapoanza kupata moto linashikana, kijiko kinasimama chenyewe. Baada ya dakika kumi linaanza kulegea, mvuke unapanda, na mwisho linatiririka kama sukari. Kilo 30 hivi kwa kila boksi, karibu ndoo nzima ya lita 20. Watoto wa mtaa walikaa kusubiri karanga mpaka wakakata tamaa.

Kuta za pembeni na nyuma: plaiwudi ya milimita 12 nje, 9 ndani, katikati milimita 20 za mchanga. Unamimina kwa faneli kutoka juu huku unagonga ukuta kwa nyundo ya mpira. Unadhani umejaa, unagonga, unashuka sentimita nne, unaongeza. Uso wa mbele hauna mchanga, ni plaiwudi mbili za 18 zimeshikanishwa. Hapo kuna mtego: uso mzito wa milimita 36 ukitoboa tundu la wufa wima, koni inakuwa inapumua ndani ya bomba. Nimekwangua ukingo wa nyuma wa tundu kwa pembe, kama bakuli, hewa ipite.

Kati ya fremu ya wufa na mbao nimeweka pete niliyokata kwenye tyubu ya tairi la baiskeli.

Gonga ukuta kwa fundo la kidole. Mzee, ni "dhu". Hakuna neno lingine.

#15 Mpenda Bezi

Ndani weka trei za mayai mkuu, studio zote za mtaani wanaweka.

#16 Dada Umeme

Trei za mayai ni za mayai. Karatasi nyembamba ya milimita mbili haina cha kuifanya sauti ya Hz 400, na kwenye besi ni sawa na kuweka hewa.

Unachotaka ni nyuzinyuzi nyingi, zilizochambuliwa, zijaze boksi bila kushindiliwa. Waingereza walipenda sufu ya kondoo yenye nyuzi ndefu. Mbali na kunyonya ile milio ya kuta, kwenye boksi lililofungwa hewa ikipita katikati ya nyuzi inapokea na kutoa joto polepole, na spika inaona kama boksi limekua. Kwa vitendo ni asilimia 10 hivi, ukifanya vizuri zaidi kidogo.

#17 Wufa254

Sufu huku ni rahisi, kondoo wako wengi. Huko Dar mtatumia nini, manyoya ya kuku?

#18 Fundi Jumapili

😂 Hapana bosi. Sufi. Herufi moja tu. Magodoro mawili ya sufi ya bibi, yale yenye uvimbe huku na bonde kule, yalikuwa darini. Nimeyafumua na kuchambua sufi kwa mkono mpaka ikawa kama wingu. Tatizo la sufi ni kwamba inaruka, na nyuzi moja ikiingia kwenye koili narudi kwenye tepu na kadi ya simu. Kwa hiyo nimeishona kwenye mifuko ya chandarua cha zamani, sita kwa kila boksi, na imefungwa kwenye mihimili isitelemke chini ikakaa kama mimba.

#19 Dada Umeme

Chandarua! Hiyo nakubali. Sasa krosova, ile saketi ya kugawa sauti kati ya wufa na twita. Usichukue ya dukani iliyoandikwa omu 8 au 4, hizo zako ni za omu 15, mita husoma pungufu ya hapo. Kapasita ya twita kwa Hz 3000 na omu 15 ni maikrofaradi 3.5. Ukiweka ya omu 8, yaani 6.6, twita itaanza kufanya kazi kama Hz 1600, na ni ya inchi 3, itateseka.

Na siri ndogo: 3.5 utaipata duka lolote la umeme. Ni kapasita ya feni la dari. Ni ya filamu, inavumilia umeme wa AC wa volti 400 na zaidi, haina chanya wala hasi, na haikauki kama zile za elektroliti za zamani. Soma tu ubavuni, kuna za 2.5 na 3.15 pia, wanachanganya kwenye droo moja.

#20 Fundi Jumapili

Nimenunua mbili. Muuzaji: "Mafeni mangapi yameharibika?" Nikamwambia hakuna feni, ni spika. Akaziangalia upya kama hajawahi kuziona.

Upande wa wufa nimeweka koili ya milihenri 0.8, waya nimepata kwa wale wanaofunga mota upya, nimeizungusha kwenye kibao cha uzi wa kushonea. Haina chuma katikati.

#21 Wufa254

Na kuvuja je? Boksi la kufungwa likivuja ni kazi bure.

#22 Mzee wa Santuri

Kijiti cha ubani. Piga sauti ya chini kabisa, Hz 30, si kubwa, halafu pitisha kijiti kinachotoa moshi pembezoni mwa kila kiungo. Moshi ukitetemeka, hapo pana tundu.

#23 Fundi Jumapili

Mzee, nimefanya jana usiku, taa zimezimwa, moshi umenyooka kama uzi kila mahali isipokuwa kituo cha waya nyuma ya boksi la kushoto. Pale ulicheza taarab. Nimeziba kwa silikoni kidogo na skrubu nne badala ya mbili. Nyumba nzima inanukia Ijumaa.

Jambo lingine la kupima: sukuma koni kwa vidole vitatu, iachie. Isirudi kwa kuruka, irudi kama mlango wenye majivuno. Ndivyo ilivyo sasa. Na nimepima tena masafa ndani ya boksi: Hz 64. Karatasi ilisema 66, nadhani sufi imenunua hizo mbili.

Sauti. Nimejaribu kuandika aya hii mara tatu. Besi haigongi kifua, Mpenda Bezi asije akakasirika. Ila gitaa la besi la bendi ya Mlimani Park unalisikia likitembea, unajua kidole kimeachia kamba lini. Nilizoea kusikia besi kama mvumo mmoja chini ya wimbo. Na mwimbaji hatoki kwenye boksi, yuko kati ya maboksi, juu kidogo ya meza ya televisheni, pale tulipotundika kalenda. Ampli ni ya wati 20 na sijafika nusu. Juu kabisa kuna ukungu, twita ya karatasi ya inchi 3 haina ule mng'ao wa siku hizi, nimeamua siiguse.

Gharama yote na mbao, vinia, na chai ya Kijana wa Keko aliyekuja kunisaidia kukata: laki nne na ushee. Chekecheke mpya elfu nane.

#24 Mzee wa Santuri

Mwanangu, zijaribu kwa santuri za kale. Za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay 1928, ukizipata. Hazina besi ya kuzungumzia, lakini spika za koni ya karatasi zinaisamehe ile mikwaruzo, hizi za siku hizi zinaihesabu.

#25 Mpenda Bezi

Mkuu nimesoma uzi wote. Nina inchi 15 mbili za baba zimekaa stoo, mgongoni zimeandikwa Goodmans. Nianzie wapi?

#26 Dada Umeme

Karibu kundini. Mita, rezista ya omu 1000, na uiuze ile ampli ya gari.

#27 Fundi Jumapili

Wakuu, kuna tatizo. Tangu juzi, saa nane usiku, nyumba ikiwa kimya, nasikia kama mtu anamimina mchele polepole sana. Mke wangu naye anasikia. Asubuhi kuna kichuguu kidogo cha mchanga nyuma ya boksi la kushoto, saizi ya kofia ya soda. Anaufagia, kesho upo.

#28 Kijana wa Keko

Umepiga skrubu wapi?

#29 Fundi Jumapili

…zile mbili nilizoongeza kwenye kituo cha waya usiku wa ubani.

#30 Kijana wa Keko

Nilisema nini #13.

#31 Fundi Jumapili

Ulisema. Moja ilikosa kijiti kwa milimita tano. Nimeitoa, nimelaza boksi kifudifudi, nimeingiza njiti ya kiberiti yenye gundi, nimekata juu. Jana usiku sikusikia kitu. Mchanga uliotoka nimeupima: gramu 90, umo kwenye kopo la blubandi, sijui niurudishe.